Alama Chini ya Meza

Aliyenitia wazimu wa namba ni mzee mmoja wa Nakuru, fundi wa ndege aliyestaafu, nilipokuwa nikimtengenezea kabati. Alinieleza kwamba ndege ikiitwa saba-tatu-saba mia nane, kiwanda huondoa zile sifuri mbili za mwisho na kuweka alama ya mnunuzi wa kwanza, herufi na tarakimu. Hata iuzwe mara tano na kupakwa rangi za kampuni nyingine, alama ile haibadiliki.

Mimi huyo, mbio hadi karakana yangu Elburgon! Kiti kikawa mia mbili, meza mia nne, na mia moja nikajipa mimi fundi mwenyewe. Kila mteja nikampa alama yake, nikaichonga kwa patasi chini ya kazi yake, na orodha nzima nikaiandika ukutani kwa rangi. Mama wa mchumba wangu alipopita kuangalia mbao, nikamweleza yote kwa maringo. Ningejua, ningefunga domo.

Mwezi uliofuata niliitwa kwao kuomba ruhusa ya kuoa. Zawadi sina. Ila pembeni mwa karakana kulikuwa na meza ya msichana niliyekuwa naye zamani, tukakosana kabla hajaichukua. Nikaipiga msasa, nikaipaka vanishi, nikaipeleka.

"Mama, hii nimeichonga nikikuwaza wewe tu."

Jamani, nilisahau mji niliomo! Watu wa Elburgon wamelelewa na mbao. Hawasifu meza kabla hawajaipindua. Mama aliipindua hata sijaketi. Chini palikuwa pameandikwa 4F2.

"F2 si yule dada wa saluni? Nilimwona kwenye orodha ukutani kwako."

Nikadakia: "Mama, hiyo nitaifuta."

"Si ulisema haifutwi, hata ikiuzwa?"

Nikaungama yote. Mchumba wangu aliinuka, akaingia jikoni, nami nikajua nimempoteza. Niliogopa, sikufichi, machozi yalikuwa karibu.

Akarudi na ile kalamu nene ya kuandikia magunia ya viazi. Akanigeuza kama gunia lenyewe, akaandika mgongoni mwa shati langu jeupe: 1F2.

"Mama," akasema, "huyu ni mtumba. Lakini angalau tunajua ametoka wapi."

Mama alicheka mpaka akaishika meza. "Mletee chai," akasema.

Nasikia siku hizi kiwanda cha ndege kimeacha mtindo ule. Shati bado tunalo. Mke wangu hulifua kila mwaka na kunionyesha kwamba alama haijatoka.