Kioo Kisicholipiwa

Walisema sitaweza. Garissa ni mji wa ngamia, walisema, nani atamlipa mtu apake rangi kipande cha nyama? Nilikuwa nimerudi kutoka Nairobi na diploma ya maabara, karo nimejilipia kwa kufagia maabara za watu. Abti, kaka wa mama yangu, dalali wa mifugo, alinikopesha pesa za hadubini pamoja na wenzake wa sokoni, kisha akanicheka mbele yao. "Ukishindwa, hiyo hadubini tutaiuza Dadaab kama redio."

Nikafungua maabara yangu. Daktari akishuku kifua kikuu ndani ya nyama ya mgonjwa, rangi ya kawaida haitoshi. Huagiza rangi maalum. Nilipaka vioo viwili vya hadubini, kila kimoja kimebandikwa kipande chembamba cha nyama: cha mgonjwa, na cha kupimia rangi, chenye ugonjwa ninaoujua, nione kama rangi imeshika. Bili niliandika ya kimoja tu.

Abti akaja kuchungulia pesa zake.

"Vioo viwili, bili moja? Wallahi, wewe mjinga mwenye diploma!"

"Abti, ukipeleka mbuzi sokoni, yule beberu anayewaongoza unamuuza?"

"Nimuuze nina wazimu? Huyo anarudi nyumbani."

"Basi na kioo changu kinarudi nyumbani."

"Jirani yako analipisha kila kioo. Amenunua gari."

Jirani huyo alikuwa na maabara ng'ambo ya barabara, na kibao kikubwa kuliko elimu yake. Rangi ikimharibikia alirudia, akamwandikia mgonjwa bili mara ya pili. Uzembe wake mwenyewe aliuuza kama dawa.

Kisha kampuni ya bima inayowalipia wagonjwa ikasimamisha malipo yetu sote na kumtuma mkaguzi. Wadai wangu wakaanza kuiulizia bei hadubini. Mkaguzi alilinganisha kila bili na agizo la daktari. Za jirani, zenye vioo ambavyo daktari hakuviagiza, zilirudishwa zote. Zangu zililipwa zote, na kazi ya jirani ikavuka barabara ikanifuata.

Nilichagua siku ya mnada, soko limejaa masikio. Niliwalipa wadai mmoja mmoja, kwa sauti. Abti alikuwa wa mwisho. Alihesabu mara mbili, kisha akaninong'oneza, "Jirani anauza hadubini yake. Nikutafutie bei?"

"Nimeshainunua jana," nikasema, na hata ngamia walisikia.