Kinyama Kilichozikwa Nyuma ya Jiko

Raudha Pazi alisomeshwa na korosho za mama yake. Bi Kidawa, Mwenyezi Mungu amrehemu, alikuwa akizibangua barazani kwao Mzenga huku akimwambia kila apitaye kwamba binti yake anasomea utafiti wa saratani. Wengi hawakuielewa kazi hiyo.

"Anatibu?"

"Hatibu. Anatafuta gonjwa linakotokea."

Raudha alikuwa na stashahada ya maabara na miaka mitatu kazini, ndipo akachaguliwa, yeye na wenzake saba, kwenye mafunzo ya miaka miwili ya watafiti chipukizi. Alipanga chumba Maili Moja, Kibaha. Nyumbani akawa haendi ila sikukuu. Kila alipopiga simu mama yake alimwambia wote wazima, naye akaamini, maana nani asiyemwamini mama yake?

Mwaka wa pili Daktari Leodegar, mwalimu wao, aliwapa utafiti wao wa kwanza. Katika hospitali waliyofanyia mazoezi pale Kibaha, mgonjwa akikatwa uvimbe, kinyama hutiwa kwenye kopo lenye dawa, na ndugu hupewa wakipeleke maabara kupimwa. Makopo mengi hayafiki. Daftari la chumba cha upasuaji lilionyesha arobaini na moja yasiyofika kwa mwaka mmoja. Kazi ilikuwa kuwapigia ndugu simu na kuuliza kila kopo lilikwenda wapi.

"Mtafiti hamgombezi mtu," alisema Leodegar. "Unauliza, unaandika, unanyamaza."

"Basi apige Raudha," alisema Ipyana, mwenzake. "Mimi nikipiga wanadhani polisi, wanakata simu."

Siku ya tatu Raudha alifika mstari wa ishirini na tisa. Kidawa Mwinyimadi, miaka hamsini na miwili, Mzenga, uvimbe wa titi la kushoto. Miezi minne ilikuwa imepita. Namba ya simu ilikuwa ya baba yake.

Aliisoma mara tatu, kisha akapiga.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mama. Mchana huu, kwema?"

"Baba, mama alipasuliwa titi mwezi wa Shaabani?"

Upande wa simu wa Mzee Pazi jogoo akawika.

"Nani kakwambia?"

"Nimeona kwenye daftari."

"Alikataza mwenyewe. Alisema Raudha asiambiwe, ataacha masomo aje kunikorogea uji. Na kapona, alhamdulillahi. Huyo hapo anabangua."

"Kopo mlilopewa liko wapi?"

"Kile kinyama tulikizika, mwanangu. Nyuma ya jiko, chini ya mkorosho. Nilikiosha, nikakivika kitambaa cheupe. Kiungo cha Muislamu kinatupwa?"

Kwao ndivyo ilivyokuwa. Hata kidole cha Jabiri, mdogo wake Mzee Pazi, kilipokatwa na panga shambani, kilizikwa. Nesi alipomkabidhi Mzee Pazi kopo akasema, "Mzee, hiki mkipeleke," naye alikipeleka anakojua yeye kuwa nyama ya mtu hupelekwa. Labda la kupimwa lilisemwa pia. Lakini wakati ule alikuwa amemshikilia mkewe asianguke.

Ipyana, aliyekaa kando yake akisikiliza, aliacha utani. Raudha akaandika kwenye fomu, "Kilizikwa," akaomba ruhusa, akaenda Mzenga.

Kesho yake alimleta mama yake hospitali. Kwapani uvimbe mwingine ulikuwa umeshaota. Kinyama cha safari hii alikipeleka maabara Raudha mwenyewe, kopo amelishika kwa mikono miwili kama mtu aliyebeba maji ya kuazima. Ilikuwa saratani, na imeshafika mapafuni. Daktari alieleza, na Raudha alijua kila neno kabla halijatamkwa. Faida ya kusoma aliyoipata siku ile ilikuwa hiyo tu.

"Ningekwambia ungeacha masomo," alisema Bi Kidawa kitandani.

"Ningeacha."

"Umeona sasa." Akapumzika kidogo. "Haya, wewe uliyesoma. Linatokea wapi?"

"Bado sijajua, mama."

"Basi kasome. Umekaa hapa unaniangalia kama picha."

Alifariki baada ya miezi mitano, siku ya Ijumaa, akazikwa kabla ya alasiri. Asubuhi ile, wakati wanawake wanamwosha, Mzee Pazi alichukua jembe akaenda nyuma ya jiko. Alitaka mkewe azikwe na viungo vyake vyote. Alichimba mpaka mizizi, akapata kipande cha kitambaa na udongo tu. Raudha alimkuta amechuchumaa kando ya shimo.

"Nimemuua?"

"Hujamuua, baba."

Alijibu upesi mno. Baba yake, ambaye hakuvuka darasa la nne, alijua kwamba mwenye uhakika hajibu upesi vile. Alikunja kile kitambaa, akakitia mfukoni mwa kanzu. Sote ni wa Mola na kwake ni marejeo, na waja hatuhoji. Lakini shimo lile halikufukiwa mpaka mvua ilipolifukia.

Baada ya arobaini Raudha alirudi Kibaha. Daftari la mwaka mpya lilikuwa na makopo mengine kumi na tisa yasiyofika. Leodegar alitaka kumpa mtu mwingine orodha ile. Raudha aliichukua. Nyumbani angefanya nini, na lile shimo liko pale?

Jina la kwanza lilikuwa la mama mmoja wa Ruvu. Mumewe ndiye aliyepokea.

"Tulikizika, mwanangu. Makaburini kwetu, kwa heshima zote."

"Na mgonjwa anaendeleaje?"

"Hajambo kabisa. Yuko hapa anasonga ugali. Kwani vipi?"

Raudha alisikia mwiko ukigonga sufuria. Aliomba azungumze naye mwenyewe. Yule mama akaja kwenye simu huku bado anacheka jambo walilokuwa wakiliongea jikoni.

"Haloo? Nani mwenzangu?"

Raudha aliiondoa simu sikioni. Ipyana akanyoosha mkono, akaichukua, akasema, "Shikamoo mama, tunakuomba urudi hospitali tukupime tena."