Mgeni Aliyekataa Kuketi Chini ya Mama

Nilimsalimu kwa Kiswahili, msikitini Nizwa, hapa Omani, baada ya sala ya Ijumaa. Mweusi, nywele za kipilipili, kanzu nyeupe. Nikajua Mpemba huyu. Hakuitika. Nikachukia, maana tunao wenzetu wengi hapa wanaosahau Kiswahili siku wanaponunua gari jipya. Nikamwambia kwa Kiarabu aache maringo. Akacheka, akanijibu kwa Kiarabu cha darasani kwamba anatoka Visiwa vya Solomon, kule Bahari ya Pasifiki, na anasoma lugha katika chuo cha hapo jirani, Manah. Nilipigwa na butwaa. Sura moja na ami yangu, na Afrika hajapata hata kuiona.

Kwa aibu nikamkaribisha chakula cha mchana. Mama akapika majimbi ya nazi na papa.

Mgeni alivua viatu, akatazama dari ya sebule, akauliza juu kuna nani. Nikamwambia yuko mama yangu. Akarudi nyuma mpaka mlangoni. Kwao, akasema, mwanamume hakai chini ya sakafu anayoikanyaga mwanamke. Ni mwiko wa mababu, na hata baada ya kusilimu haujamtoka. Nilishtuka, kisha nikakasirika. Nyumba yangu, mama yangu, na mtu amesimama nje kama kwamba tuna ukoma.

Mama alisikia maneno, akashuka taratibu na bakora yake.

"Haya, juu hakuna mtu tena," akasema. "Mwambie akae, majimbi yanapoa."

Mgeni alikula kwa raha, maana majimbi na nazi ndicho chakula cha kwao. Mama akafurahi, akataka kujua kama ana mke. Akasema alikuwa naye, akafariki katika uzazi. Kijijini kwao Waislamu ni nyumba chache tu, wengine wote ni watu wa kanisa. Hapakuwa na mwanamke hata mmoja aliyejua kuosha maiti kwa sharia yetu, na kwa mila yao mwanamume haikaribii damu ya uzazi. Wakamzika vivyo hivyo, na gauni lake. Ndiyo sababu ya kuja kusoma, akasema. Anatafuta njia wanawake wa kwao wafundishwe.

Hapa kwetu akifa mtu, waoshaji wanagombania. Sikupata kufikiri kwamba yuko Mwislamu wa kuzikwa bila kuoshwa kwa kukosa mtu wa kumwagia maji.

Nikamfasiria mama, maana Kiarabu chake ni cha sokoni. Machozi yakamtoka. Kisha akakunja uso.

"Muulize, mwanangu. Kwani yeye mwenyewe alikuwa wapi? Mume si humwosha mkewe? Babu yako alimwosha bibi yako kwa mikono yake, kule Unguja."

Mgeni akamtazama mama, akanitazama mimi, anangoja. Nilitaka kumwambia, "Mama anakuombea dua," basi, yaishe. Lakini mtu huyu atarudi kwao kufundisha, na hili ndilo alilolivukia bahari. Nikamwambia kama alivyosema mama: mume humwosha mkewe.

Akaliweka tonge chini. Akaniomba nirudie, polepole, asije akawa amekosea Kiarabu. Nikarudia.