Shoti Haikuwa Yako, Festo

Kila nikishika simu kidole kinaenda kwenye jina lako, Festo. Kichwa kinakataa kwamba jana tumekuzika.

Jamani, wengi humu mlimjua kama Fundi Shoti. Nina la kusema kuhusu hilo jina, na nimechelewa miaka mingi.

Mie na Festo tulikuwa studio moja ya video za harusi, Temeke. Yeye mtu wa Masasi, mpole, akicheka yanatikisika mabega tu. Mie form four ya kuungaunga, kompyuta nilijifunzia kwake.

Ndo alinifundisha external, ile diski ya nje yenye kazi ya mteja, uichomeke nyuma ya mashine, sio mbele. Matundu ya mbele yalishalegea, waya ukiguswa kidogo harusi ya watu inakatika.

Kabla hajagusa kadi yoyote ya ndani ya mashine alikuwa anashikaga kwanza chuma cha kompyuta, ule umeme wa mwilini utoke. Nikamtania, braza unaomba dua? Akasema kadi haina utani.

Sasa siku moja Festo yupo chumba cha pili. Matundu ya nyuma yamejaa, external nyingine haina pa kukaa, kadi ya kuongezea matundu ipo mezani. Kuna harusi inasevu, imefika nusu. Nikaona nikizima nitaanza upya. Nikafungua kompyuta, nikapachika kadi huku mashine inawaka.

Ikapiga shoti, cheche zikaruka, ikatoa moshi, ikafa.

Bosi kaja anafoka, nani kafungua mashine? Bisibisi nimeificha mfukoni, mpini umechungulia. Festo akaingia, akauona ule mpini. Mie nikaangalia chini.

"Ni mie, bosi," akasema. "Nilisahau kuzima."

Akasimamishwa wiki tatu. Nikamfuata kwake Segerea kumuuliza kwa nini. "Wewe una kichanga ndani," akaniambia. "Sie tupo wawili tu, mie na mke wangu, tutakula hata muhogo."

Aliporudi, ofisi nzima ikamwita Shoti. Na mie nikamwita hivyohivyo. Hili ndo linaniuma kuliko ile kadi.

Yeye hata hakununa. Ile external yenye harusi akaisoma kwenye mashine nyingine, picha zote zipo, akaiunga harusi upya, bwana harusi hakujua kitu. Halafu akanikalisha. Zima. Chomoa waya ukutani. Bonyeza pawa, umeme uliobaki uishe. Shika chuma. Ndo uguse kadi. Akanirudisha mwanzo mpaka mikono ikazoea.

Leo nina ofisi yangu Vingunguti, watu wananiachia mashine zao na kuondoka bila wasiwasi. Hiyo ni kazi yako, Festo.

Jana msibani binti yake, Neema, kaniuliza mbele za watu, "Baba mdogo, kwani baba walimwita Shoti kwa nini?" Watu wakacheka. Nikasema naenda kupanga viti.

Neema mwanangu, na wewe shemeji, jibu ni hili. Festo hakuunguza kitu. Niliunguza mie, na nikamwachia abebe. Nisameheni.

Asubuhi hii nimeletewa mashine. Nimezima, nimechomoa waya, nimeshika chuma. Nikakaa nimeshika muda mrefu, mteja akaniuliza kama naumwa.

Asante, kaka. Shoti nalichukua, ni jina langu, kuanzia leo mniite mie. Wewe lala na lile ulilobatizwa nalo, Festo. Lala, hudaiwi.