Ubongo wa Mbuzi Mbele ya Wakwe

Aibu yangu naisema mwenyewe kabla watu wa mtaa wetu wa Keshero hawajawasimulia kwa chumvi: mimi ndiye yule msichana aliyetumbukiza ubongo wa mbuzi katika maziwa ya wakwe zake, mchana kweupe, majirani wakichungulia juu ya ukuta wa mawe meusi, na ziwa pale chini likimeta kana kwamba linacheka pamoja nao.

Mkono wangu wa kazi ni wa kushoto. Nimechapwa kwa ajili hiyo nyumbani, shuleni na kwenye katekisimu (padri mmoja alinikumbusha kwamba siku ya hukumu mbuzi watasimama kushoto, nikamjibu moyoni kwamba basi sitakuwa peke yangu). Mwaka ule wa hamsini na sita nilikuwa najifunza uuguzi kwa masista, na siku moja sista akatuletea ubongo wa plasta unaofunguka vipande viwili. Akatuambia tusidhani ni mapacha: upande wa kushoto mfereji wa ubavuni ni mrefu zaidi, na ndiko maneno yanakokaa kwa watu wengi, upande wa kulia umesogea mbele kidogo kwenye paji la uso, na kila upande unaongoza mkono wa upande mwingine. Tofauti ni ndogo, alisema, wala si kwa kila mtu. Lakini mimi nilitoka darasani kama mwenye mabawa. Kumbe Mungu mwenyewe, alipofinyanga kichwa cha mtu, hakupima pande zote mbili kwa kamba moja!

Basi siku ikafika ya Faustini, mwalimu niliyempenda, kumleta baba yake na shangazi yake kutoka milima ya Masisi, watu wa ng'ombe, waje kunitazama kabla ya mahari kuzungumzwa. Mama alinisihi tangu asubuhi nitumie mkono wa kulia, angalau siku ile moja, nikakubali, maana nilimtaka Faustini na nilijua neno moja tu la baba yake lingetutenganisha. Nikajaza maziwa katika inkongoro, kile chombo cha mti, nikampelekea muzee, baba yake Faustini, kwa mkono wa kulia. Lakini mkono wangu wa kulia na chombo kilichojaa havipatani, chombo kikainama, wa kushoto ukarukia kuokoa, na muzee akajikuta anapokea maziwa kutoka mkono wa aibu.

Shangazi akacheka puani. "Faustini, mutoto yangu, huyu ni bibi ao ni azabu? Atakupikia na mukono ya choo."

Ningenyamaza tu. Lakini niliamua kueleza (hapo ndipo nilipopotea), nikawamwagia darasa lote la sista, mfereji, paji la uso, mkono wa upande mwingine, mpaka shangazi akasema maneno ya masista hayajazi jicho, nimwonyeshe. Papa, yaani baba yangu, alikuwa amechinja mbuzi kwa ajili ya majirani, kichwa kilikwisha kupasuliwa, ubongo uko kwenye sahani ukingoja chungu. Nikaukimbilia jikoni, nikarudi nao nikiwa na fahari ya askofu, nikasimama kando ya muzee, ambaye bado alikuwa ameshika maziwa bila kuyaonja.

Shangazi akainama. "Mie niko naona nusu mbili sawasawa. Tofauti iko wapi?"

Nikatazama. Zilikuwa sawasawa kweli, kama pande mbili za haragwe. Sista hakutuambia habari za mbuzi! Nikauinua ubongo kwenye mwanga niutafute ule mfereji, na ubongo (kama hamjawahi kuushika) unateleza kuliko sabuni, ukanichoropoka, ukaanguka chubwi ndani ya inkongoro, maziwa yakaruka mpaka kwenye ndevu za muzee.

Kwa watu wa ng'ombe nyama na maziwa havikutani, maana ng'ombe aliyekamuliwa ataugua kiwele. Tena nyama yenyewe ya mbuzi, mnyama ambaye muzee hamgusi kabisa. Majirani walikuwa wameanza kucheka, wakaacha.

Muzee akajipangusa, akaweka chombo chini. Hakukasirika, na hilo liliniuma zaidi. "Mutoto, hii tutasahau. Lete maziwa ingine. Lete na mukono ya watu, na useme ule mwingine umeuacha leo."

Faustini alinitazama, macho yake yakiniomba. Nikaenda, nikajaza chombo kipya, nikarudi, nikapiga magoti, nikamnyooshea muzee maziwa kwa mkono wa kushoto, wa kulia ukishika kiwiko kwa heshima yote niliyofundishwa.

"Muzee, kwa ubongo naomba musamaha. Kwa mukono siombi."

Hakupokea. Alisimama, shangazi akasimama, na Faustini akaokota kofia yake akawafuata, akitazama chini. Nikabaki nimepiga magoti, chombo kikizidi kuwa kizito, nisijue jinsi ya kuinuka mbele ya macho yale yote. Ndipo papa, ambaye maisha yangu yote hakuwahi kupokea hata njiti ya kiberiti kutoka mkono huo, akanyoosha mikono yake miwili, akachukua maziwa, akayanywa yote, kisha akamwambia mama aweke mbuzi motoni, watu wana njaa.

Basi naapa mbele yenu: ubongo wa mnyama yeyote sitauleta tena mbele ya wageni. Lakini maziwa nitayaleta kwa kushoto, na mwenye kiu atakunywa.