Nilivyomtania Mheshimiwa Mbele ya Jeneza Lake

Jamani, hii habari nimeikalia muda mrefu kwa aibu, na leo naisimulia kwa sababu najua mmekwisha kuisikia vipande vipande kwa watu wa soko la Warwick hapa Durban, tena wameitia chumvi (eti nilipanda juu ya jeneza, uongo mtupu, nililala chini mbele yake, na hayo ni mambo mawili tofauti).

Mnakumbuka nilikuwa namhudumia mzee mmoja Mwingereza pale mtaa wa Berea, kumwogesha, kumlisha, kumtoa bustanini na kiti chake cha magurudumu. Zamani alikuwa mbunge kwao, nami kwa mazoea ya nyumbani nikawa namwita Mheshimiwa. Kwetu mtu akishapita bungeni hata kipindi kimoja jina hilo anazikwa nalo, lakini kwao, alivyoniambia mwenyewe, ukishindwa uchaguzi unarudi kuwa bwana fulani kama fundi bomba tu, kwa hiyo alilipenda hilo jina kuliko dawa zake zote.

Safari yake ya siasa alinisimulia kila siku, hata naijua kuliko ya mbunge wangu. Alianza na udiwani, akapata ubunge, akakaa bungeni mpaka nywele zikaota mvi, hatimaye akapewa unaibu waziri. Hakudumu nao, maana siku moja redioni aliulizwa bei ya mkate akataja bei ya enzi za utoto wake, nchi nzima ikamcheka, cheo kikaondoka. Uchaguzi uliofuata akaangushwa. Sasa kule kwao wagombea wote wanapangwa jukwaani pamoja kusikiliza matokeo, na mtu yeyote anaweza kugombea hata kwa mzaha, basi Mheshimiwa akajikuta amesimama bega kwa bega na jamaa aliyevaa kama kuku, manyoya mwili mzima na kishungi chekundu kichwani. Alipotangazwa kushindwa machozi yakamtoka, yule kuku akamkumbatia, na hiyo ndiyo picha iliyojaa magazetini kesho yake. Hakuvumilia kuishi kwao tena. Mkewe (alishatangulia) alikuwa mtu wa Durban, wakahamia huku.

Alipokuwa akinisimulia sehemu ya kuku alicheka hadi akapaliwa, nami ndipo nikamweleza habari za utani. Mimi Mngoni wa Songea. Wahehe tulipigana nao enzi hizo na leo ni watani wetu, na Mhehe akija msibani kwetu anavaa nguo za marehemu, anaigiza mwendo wake, anasema uchoyo wake wote hadharani, analala njiani jeneza lisipite, na wafiwa wanacheka huku wanalia. Mzee alisikiliza kwa makini, kisha akasema, "Kumbe mkipigana mnakuwa watani? Sisi tuliwatawala. Basi mimi na wewe ni watani, na nikifa uje unifanyie hivyo hivyo. Usimsahau kuku." Tukapeana mikono. Chumbani tulikuwa wawili tu.

Alipofariki, binti yake Helen akaja kutoka Uingereza. Nilimwogopa kidogo, mwanamke mrefu asiye na maneno mengi, lakini asubuhi ya mazishi aliniita jikoni akasema, "Kassian, baba alikupenda. Nataka uwe mmoja wa watakaombeba, mbele, upande wa kichwa." Tangu nivuke mpaka wa nchi hii sijawahi kupewa heshima kama hiyo, watu hapa wananipa ndoo na ufagio, si jeneza la baba yao. Nilichokitaka siku ile ni hicho tu, kumbeba mzee wangu nilivyomzoea kumbeba, kwa mara ya mwisho.

Ningeishia hapo ningekuwa salama. Lakini niliingia chumbani kwake kuchukua viatu vyangu, nikafungua kabati, nikaliona koti lake zito la kijivu, lile la kampeni, na utepe wa chama uliokunjwa kama ua bado umebanwa kifuani. Nikakumbuka tulivyopeana mikono. Nikalivaa (joto la Durban, Februari, koti la baridi ya Ulaya!) nikatoka.

Nje ya kanisa nilimkuta Mama Espé, Mkongo wa Bukavu aliyekuwa akija kupika pale nyumbani, anapanga vikombe vya chai. Aliponiona alishika kiuno.

"Kassian, iyi koti ya mzee unaivalia nini?"

"Mimi mtani wake, Mama. Nakwenda kumuaga."

"Eish! Huku ni deuil, matanga ya bazungu. Bazungu banalia kimya, banakunywa chai, banarudi kwao. Vua."

"Mtani haombi ruhusa."

"Basi," akasema, "mimi haiko ndani ya iyo mambo."

Nilikaa nyuma ili koti lisionekane mapema. Mchungaji alisema maneno mazuri ya utumishi kwa taifa, mzee mmoja akasoma salamu, kisha mchungaji akauliza kama kuna mwingine mwenye neno. Nikasimama. Nikatembea kwa mwendo wa Mheshimiwa, bega moja chini, kikohozi kidogo kila hatua, nikafika mbele nikainua mkono kama wa kampeni, nikasema kwa Kiingereza chake kilekile cha puani, "Wapigakura wangu wapendwa, naomba mnikopeshe mkate, bei siijui."

Hakucheka hata mtu mmoja.

Sasa sikilizeni ujinga wangu. Kwetu mtani akiona wafiwa wamenyamaza anajua hajawakoleza, anaongeza. Nikaongeza. Nikaigiza alivyovuliwa cheo, alivyosubiri simu ya chama iliyokuwa hailii, na nilipomtupia jicho Helen nikaona mabega yake yanatikisika, nikasema moyoni, haya, ameanza kucheka. Hapo ndipo nikamleta kuku. Nikakunja mikono kuwa mabawa, nikatetea kanisani, jamani, nikatetea kwa sauti, kisha nikawa Mheshimiwa analia, kisha kuku anambembeleza, halafu nikajilaza chini mbele ya jeneza na kutangaza kwamba halipiti jeneza hapa mpaka kura zihesabiwe upya. Wakati wa kujilaza pindo la koti likanasa kwenye kinara cha maua. Kikaanguka na picha ya marehemu pamoja, kioo kikapasuka.

Kutoka pale sakafuni niliona viatu vya Helen vimesimama karibu na uso wangu. Nikainua macho. Hakuwa anacheka hata kidogo.

"Simama," aliniambia kwa sauti ndogo. "Tafadhali simama, na uvue koti la baba yangu."

Nikasimama. Jasho linanitiririka, nikaanza kujieleza, kwamba ni mila, kwamba mzee mwenyewe ndiye aliyeniomba, kwamba hadithi ya kuku alikuwa anaipenda, alikuwa ananisimulia kila siku na kucheka. Akaniangalia kama mtu asiyeelewa lugha, kumbe ameelewa kila neno.

"Nilikuwa shuleni ile picha ilipotoka," akasema. "Watoto waliniigizia mlio wa kuku mpaka nikahamishwa shule. Nyumbani kwetu baba hakuwahi kulitaja jambo hilo. Hata mara moja."

Mzee alinifungulia mimi, mtu wa kumfulia mashuka, mlango aliomfungia mwanawe maisha yote, na mimi nimekuja kuufungua mbele ya mchungaji kwa mlio wa kuku. Mtu pekee mle ndani ambaye angecheka alikuwa amelala kwenye lile sanduku. Nikavua koti, nikalikunja vizuri, nikamkabidhi, na mumewe akanishika kiwiko akanitoa nje taratibu.

Nafasi yangu ya mbele walimpa kijana wa kampuni ya mazishi, asiyemjua mzee hata jina. Nilisimama kwenye maegesho nikaona wanampitisha, yule kijana akiwa mfupi kuliko wenzake, jeneza limeinama upande wa kichwa, na mimi mikono yangu miwili haina kazi. Nililia kwa sauti, kwa kilio cha kwetu. Mama Espé akaniletea chai, hakusema nilikuambia, akanishikia kikombe tu mpaka nikamaliza kulia.

Nimeapa sitamtania tena mtu ambaye watu wake si watani wangu, hata aniombe kwa magoti, labda aniombe mbele yao wote. Lakini na ninyi nina ombi. Huku Durban simjui Mhehe hata mmoja, na sijui siku yangu itanikutia wapi. Nikifia hapa, atakayesimama akaniigiza natetea kanisani, nawasihi, msimtoe nje.