Nilijenga router ya VPN isiyo na kelele, mama akaanza kuomboleza

Wakuu, habari za huko mliko. Nawaletea lililonipata nyumbani kwangu, na chumvi sijaongeza.

Niko Kashikishi, ufukweni mwa ziwa Mweru. Mimi na mama tulivuka kutoka Congo, tukapitia kambi ya Kenani, tukabaki upande huu wa Zambia. Kaka yangu Ilunga alibaki ng'ambo.

Huko kwake apps za kupiga simu hufungwa mara kwa mara. Nikamwekea VPN inayopita kwenye router ya hapa nyumbani, akawa anaongea na mama kila jioni.

Router ya kwanza ilikuwa desktop ya zamani. Feni yake inanguruma kama kinu cha mahindi, na inamaliza betri ya sola kabla hakujakucha. Ilikaa chumbani kwa mama, maana betri iko huko. Mama alikuwa mgonjwa, nikaona namtesa.

Nikachagua vifaa upya. Mini PC isiyo na feni kabisa, processor ya watt chache, port mbili za LAN, SSD badala ya hard disk. Inakula 12V moja kwa moja kwenye betri, inveta ya nini?

(Wanaosema vibox hivi haviwezi VPN, angalieni kwanza kama processor ina AES ya kusimba data, ndipo mje tubishane.)

Kimya mpaka raha.

Wiki ileile mtandao wa upande wa Ilunga ukakatika. Mama akaacha kula. Akashuka kitandani, akawa anashinda chini kwenye mkeka. Nikadhani ni ugonjwa.

Siku moja akaniuliza taratibu: "Mashini mulizima. Mulimuzika wapi mutoto wangu?"

Wakuu, hapo ndipo nikaelewa. Kwetu nyumba ikipata msiba, redio na kila chenye kelele kinazimwa, na wafiwa hushinda chini mkekani. Na mgonjwa hufichwa habari ya kifo. Mama alikuwa anamlilia mwanawe peke yake, akidhani sote tunajua.

Nikamwambia, "Mama, Ilunga iko muzima." Akanijibu kwamba hata baba alipokufa aliambiwa hivyohivyo.

Mtandao uliporudi Ilunga akapiga. Mama alisikiliza sauti yake, akalia, akaomba uji. Nilifurahi mno. Lakini mwili ulikuwa umeshachoka, na hakumaliza mwezi.

Siku ya msiba wamama wa kanisani walizima redio na TV. Kile kibox hakuna aliyejua kama kinafanya kazi, kikabaki kinawaka. Nikiwa makaburini simu ikaita. Alikuwa Ilunga, kupitia VPN yetu.

"Munamuzika wapi?" akauliza.

Niligeuza kamera nikamwonyesha kaburi.

Funzo: kabla ya kuchagua kifaa, muulize atakayelala nacho chumba kimoja. Mimi niliuliza watt tu.

Ile desktop iko kona ya chumba cha mama, sijaweza kuiuza. Uwanja ni wenu wakuu, hasa nyie mliowahi kufichwa msiba. Nitasoma zote.